Mgeni Ale, na Mtoto wa Mkulima Naye Ale

Mwezi uliopita tulifanya jambo ambalo si kawaida yetu: tulikwenda kula hotelini. Hatukuwa safarini wala hatukuwa na semina. Tulikwenda kwa furaha tu. Wenzetu wawili, mume na mke tuliofahamiana nao tangu siku za kwaya ya vijana, walitimiza miaka 25 ya ndoa. Walisema hawataki maturubai, spika wala masufuria ya kukodi. Walitaka sisi marafiki wa zamani tukae meza moja, tule polepole na tuzungumze. Basi tukachanga fedha, tukakodi gari, tukaenda kwenye hoteli ndogo iliyo ndani ya shamba, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mafinga. Jina lake hatulitaji, maana ukurasa huu si wa matangazo.

Tulikuwa watu wanane, na miongoni mwetu walikuwamo muuguzi mstaafu, mwalimu wa shule ya msingi, fundi seremala na wakulima. Tuliyoyaona siku ile, mbele ya hoteli na nyuma yake, ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya.

SAHANI ILIYOTOKA KARIBU

Hoteli za namna ile hazina orodha ndefu ya vyakula. Mgeni hula kile kilichokomaa shambani siku hiyo, basi. Kijana aliyetuhudumia alitueleza kila sahani kwa fahari, kana kwamba anatutambulisha kwa ndugu zake. Boga la supu lilitoka nyuma ya zizi. Karoti ziling'olewa asubuhi ile ile. Ngano ya mkate ilisagwa bila kukobolewa. Tuliletewa kuku wa kuokwa, viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, njegere, na mboga za majani zilizokaa motoni dakika chache tu, zikabaki na ukijani wake. Mwisho tulipewa maziwa mgando, pasheni na matunda damu. Soda haikuwapo mezani. Tulikunywa maji.

Fundi seremala alitazama sahani yake, akacheka. "Jamani, hiki si ndicho chakula cha bibi? Kilichoongezeka ni kitambaa cha meza na bei." Tulicheka sote, lakini hakukosea. Bei ya sahani moja ingenunua debe zima la mahindi, na chenji ingebaki.

Mtindo huu wa kula una historia yake. Huko Marekani, mwanamke aitwaye Alice Waters alifungua mgahawa wake, Chez Panisse, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, mwaka 1971. Nchi yake wakati huo ilikuwa imezoea vyakula vya makopo na vya viwandani. Yeye akaanza kununua moja kwa moja kwa wakulima wa karibu, na kupika kile tu kilichokuwa katika msimu wake. Huko Italia nako, mwaka 1986, watu walipinga kufunguliwa kwa mgahawa wa vyakula vya haraka katikati ya jiji la Roma, na kutokana na upinzani huo kikazaliwa chama cha kutetea chakula cha asili cha kila mahali. Leo hoteli zinazojivunia chakula kitokacho shambani hadi mezani zimeenea katika nchi nyingi, na hapa kwetu pia zipo, hasa zile zinazopokea watalii.

Sisi twaona wazo hilo ni jema kwa afya. Mboga iliyochumwa leo ina vitamini nyingi kuliko ile iliyozunguka juani siku tatu juu ya lori na kwenye meza ya soko. Nafaka isiyokobolewa haijapoteza pumba na kiini chake, ambako ndiko viliko vitamini na nyuzinyuzi nyingi. Chakula kibichi na kizuri hakihitaji mafuta mengi wala chumvi nyingi ili kipate ladha. Tena, watu wanaokula huku wakizungumza hula taratibu, wakashiba kabla ya kuvimbiwa.

Tulinganishe na kutoka kwetu kwa kawaida. Tukipata fedha kidogo mwisho wa mwezi, tukitaka kuwafurahisha marafiki au watoto, twaenda wapi? Twaenda kwenye chipsi, kuku wa kukaanga na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Hakuna mama ambaye angemtilia mwanawe vijiko tisa katika kikombe kimoja, lakini tukiinunua kwenye chupa twaiita zawadi. Hatusemi soda ni dhambi. Twasema tusishangae kuona ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu vikibisha hodi hata katika vijiji vyetu.

Hadi hapo, ndugu msomaji, ungedhani makala haya ni ya kusifu hoteli. Ngoja kidogo.

MLANGO WA NYUMA

Baada ya kula tuliomba kutembezwa shambani. Tulipofika nyuma ya jiko tulimkuta mama mmoja kijana akikabidhi mayai. Alikuwa amekuja nayo kwa miguu, trei limefungwa vizuri kwa kitenge, na mtoto mgongoni. Mpishi alihesabu, akalipa pale pale bila maneno mengi.

"Kamwene," alitusalimia yule mama, akapiga goti kidogo. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," akajibu muuguzi wetu. "Na huyu mjukuu wangu ana umri gani?"

"Ana miaka miwili na miezi minne, mama."

Tulinyamaza. Mtoto alikuwa na mashavu mazuri. Hakuwa amekonda, wala miguu yake haikuvimba. Lakini aliposhushwa chini akasimama, urefu wake ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Alisimama kimya akiwa ameshika kitenge cha mama yake, hakuwa na ule utundu wa kuparamia kila kitu ambao watoto wa umri wake huwa nao.

"Leo amekula nini?"

"Uji, mama. Na jana ugali na mboga."

"Na haya mayai, hali?"

Yule mama akatabasamu kwa haya. "Mayai ni ya hela, mama. Akila moja, trei halijai."

Muuguzi wetu hakumkemea. Alimwuliza anahudhuria kliniki gani, akamwomba siku akienda asiridhike na mtoto kupimwa uzito tu, bali aombe apimwe na urefu. Alimweleza kwamba chakula bora bado kitamfaa sana mtoto huyu, na kwamba mdogo wake, atakapokuja, anaweza kuanza vizuri tangu tumboni. Mama yule alisikiliza kwa makini, akashukuru, akafunga mtoto wake mgongoni, akaondoka na trei tupu.

Njiani kurudi nyumbani furaha ya jubilei ilichanganyika na ubishi. Mwalimu alikuwa na hasira. Alisema hoteli ile inakula jasho la maskini, na kwamba sisi wenyewe tumekula mayai ya mtoto yule ndani ya mkate na kitindamlo. Hapo mama mwenye jubilei, ambaye ni mkulima, akamjibu.

"Usiilaumu hoteli. Inalipa siku ile ile, na bei yake inamzidi mchuuzi. Mimi mwenyewe nina kuku kumi na wanane, na mjukuu wangu anakaa kwangu. Mara ya mwisho kumpa yai siikumbuki."

Gari zima likawa kimya. Kisha tukaanza kuulizana mmoja mmoja. Kati yetu wenye kuku, ng'ombe au bustani, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba watoto wa nyumbani kwake wamekula yai, wamekunywa maziwa na wamepata tunda katika wiki ile. Tulikuwa tunamhurumia mama wa watu, kumbe twajihurumia wenyewe.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Pengine msomaji atasema hayo ni ya familia chache. La hasha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huo ni ufanisi, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Lakini tazama ni mikoa gani iliyoongoza kwa udumavu mwaka 2022. Iringa ilikuwa na watoto 57 kati ya 100. Njombe ilikuwa na 50. Rukwa ilikuwa na 50.

Tafadhali tusome tena majina hayo. Iringa ndiyo yenye nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Njombe ndiyo yenye viazi mviringo na yale maparachichi yanayosafirishwa hadi nchi za ng'ambo. Rukwa ni ghala la mahindi. Malori yanayolisha miji ya nchi hii yanapakia kwetu. Hii si mikoa ya njaa. Ni mikoa inayolima sana, inayouza sana, na ambayo watoto wake hawafikii kimo chao.

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake ni mdogo mno kwa umri wake. Hatari yake ni kwamba haonekani mgonjwa. Mwenye kwashakoo hupelekwa hospitali, maana kila mtu humwona. Aliyedumaa huitwa tu mfupi, na tukiwa tumekaa kijiji kizima cha watoto wafupi, hakuna anayeshtuka. Wengine husema, "Ukoo wetu ndivyo ulivyo." Ni kweli watu hutofautiana. Lakini Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na likatoa viwango vyake mwaka 2006. Lilikuta kwamba watoto wadogo wanaolishwa na kutunzwa vizuri hukua kwa namna inayofanana sana, wawe wa taifa lolote. Ukoo usisingiziwe kwa kosa la sahani.

Na jambo si urefu tu. Wakati mwili unaponyimwa chakula cha kujenga, ubongo nao hunyimwa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea tangu kutungwa mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, yaani siku elfu moja za kwanza. Mtoto huyo baadaye huugua mara kwa mara, hupata taabu darasani, na akiwa mtu mzima nguvu zake za kazi huwa pungufu. Hapo ndipo jambo linapouma: twauza mayai ili tupate ada ya shule, na kwa kuuza mayai yote twamdhoofisha yule yule tunayemlipia ada.

SABABU SI MOJA

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Udumavu hauletwi na kukosa yai peke yake. Maji machafu na ukosefu wa choo bora huleta kuharisha, na kuharisha hupoteza chakula ambacho mtoto amekwisha kula. Mama anayelima kuanzia alfajiri hadi jioni hana muda wa kumlisha mtoto mara nne au tano kwa siku, na tumbo dogo haliwezi kushiba kwa siku nzima kwa mlo mmoja. Mimba zinazofuatana karibu karibu humchosha mama na kumwachisha mtoto ziwa mapema. Tena wapo akina baba, na tuseme wazi, ambao fedha ya mavuno huishia kwenye ulanzi kabla haijafika nyumbani.

Mila nazo zina sehemu yake. Katika nyumba ngapi firigisi na mapaja ni ya baba, na watoto huchovya mchuzi? Mahali pengine bado mama mjamzito hukatazwa mayai kwa hofu kwamba mtoto atakuwa hivi au vile. Ukweli ni kinyume chake. Mjamzito ana haja ya mayai, nyama, maziwa, maharage na mboga za majani kuliko mtu yeyote nyumbani, maana anajenga mtu mwingine ndani yake.

Lakini baada ya kukiri sababu hizo zote, linabaki swali la mlango wa nyuma. Chakula kipo, kimelimwa na mikono yetu, na kinatoka nyumbani kabla mtoto hajakionja. Swali hilo haliwezi kujibiwa na serikali wala hospitali. Linajibiwa na baba na mama, jikoni.

FUNGU LA MBEGU

Twajua atakavyosema mkulima. "Ninyi waandishi mnasema tu. Mbolea inataka fedha, dawa inataka fedha, sare za shule zinataka fedha. Nisipouza nitapata wapi?" Ni hoja ya haki, na hatumwambii mtu asiuze. Heri hoteli zinazonunua kwa jirani na kulipa vizuri, na zingeongezeka.

Twauliza jambo moja tu. Baada ya kuvuna, je, mkulima huuza mahindi yote? Hauzi. Hata akibanwa na shida namna gani, hutenga mbegu, akaitundika juu ya moshi wa jiko isiharibiwe na wadudu. Mtu akiuza mbegu yake watu humcheka, maana anajua na wao wanajua kwamba msimu ujao hatakuwa na cha kupanda. Basi mtoto naye ni mbegu. Fungu lake litengwe kwanza, kabla ya trei kufungwa na kabla ya debe kupimwa. Kinachobaki ndicho cha soko, ndicho cha hoteli.

Hesabu yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Trei moja lina mayai 30. Mtoto mdogo mmoja akila yai moja kila siku, kwa wiki amekula saba. Asipoweza kila siku, hata kila baada ya siku moja ni tofauti kubwa na kutokula kabisa. Mwenye ng'ombe anayetoa lita sita, akitenga nusu lita ya mtoto, bado ana lita tano na nusu za kuuza. Parachichi ambalo mnunuzi amelikataa kwa sababu ya kovu kwenye ganda halina kasoro ndani. Liponde kwa uma, mpe mtoto.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kwa ajili ya wazazi wenye watoto wadogo, tunaweka hapa mambo machache ya kushika.

Kwanza, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, pasipo maji wala uji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Kisha aanze chakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Pili, wataalamu wa lishe wamegawa chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, viazi na ndizi, maharage, njegere na karanga, maziwa ya mnyama, nyama, samaki na dagaa, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, kama majani ya kijani, karoti, boga na papai, na mboga na matunda mengineyo. Kila siku mtoto apate angalau makundi matano. Ugali na mboga ni makundi mawili, pamoja na ziwa la mama ni matatu. Ongeza maharage yaliyopondwa na yai, tayari umefika matano.

Tatu, uji mweupe mtupu haumjengi mtoto. Tumia unga wa dona, kisha utie maziwa au karanga zilizosagwa. Hakuna haja ya kuchanganya nafaka kumi za dukani. Ila mahindi na karanga zichambuliwe vizuri, zikaushwe na kutunzwa pakavu. Zenye ukungu zitupwe, wala asipewe mtoto au kuku, maana zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Nne, maziwa yachemshwe na mayai yaive kabisa. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi, zitiwe mafuta kidogo. Chungwa au limao pamoja na mlo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage, lakini chai ikinywewa na chakula huyazuia.

Tano, siku ya kliniki uliza urefu wa mtoto, na uombe uandikwe kwenye kadi. Uzito pekee hauonyeshi udumavu.

MEZA YETU WENYEWE

Twarudi kwa yule mama wa Marekani tuliyemtaja, Alice Waters. Hakuishia kwenye mgahawa. Mwaka 1995 alianzisha bustani na jiko katika shule moja ya mji wake, ili watoto walime, wapike na wale walichokilima. Bila shaka aliona kwamba chakula kizuri kikiwa cha wateja wenye fedha tu, kazi imefanyika nusu.

Wazo hilo si geni kwetu. Tuliosoma miaka ya Elimu ya Kujitegemea, baada ya mwaka 1967, tunakumbuka mashamba ya shule na majembe tuliyobeba kutoka nyumbani. Tulilima kweli. Lakini wengi wetu tunakumbuka pia kwamba mazao yaliuzwa, na sisi tukabaki na kumbukumbu ya jembe bila kumbukumbu ya sahani. Kosa ni lile lile la trei la mayai. Shule zenye bustani leo zisilirudie: mchicha wa bustani ya shule uingie kwanza kwenye sufuria ya watoto.

Na katika parokia zetu je? Twakutana kila wiki katika jumuiya ndogo ndogo. Tukiwa na Komunio ya Kwanza au Kipaimara twachangishana hadi fundo la mwisho la leso, kwa ajili ya pilau na makreti ya soda. Sisi twapendekeza kitu rahisi zaidi. Mara moja kwa mwezi, baada ya sala ya jumuiya, kila nyumba ilete kitu kimoja kutoka shambani kwake: huyu boga, huyu maharage, huyu mayai sita, huyu maziwa, na asiye na shamba alete kuni au mikono yake. Vipikwe pamoja. Watoto wadogo na akina mama wajawazito wapakuliwe kwanza, baba wa nyumba awe wa mwisho. Mama kijana ambaye hajui kumpondea mtoto maharage na yai atajifunza pale pale kwa kumtazama mwenzake, wala hataona haya kama anavyoona haya mbele ya mtaalamu mwenye koti jeupe.

Hiyo nayo ni kula na marafiki, tena chakula kilichotoka shambani hadi mezani, na hakuna atakayeletewa bili.

Baada ya safari ile, mama mwenye jubilei alitupa habari. Ameteua kuku wawili katika wale kumi na wanane. Mayai yao hayaingii kwenye trei, hata mteja aje na fedha taslimu. Mumewe mwanzoni alinung'unika kwamba trei linachelewa kujaa siku mbili. Sasa, anasema, mzee mwenyewe ndiye anayemwita mjukuu kila asubuhi na kumkumbusha bibi: "Yai la mtoto liko wapi?"

Nasi wanane tumekubaliana kukutana tena. Safari hii hatutachanga fedha za hoteli. Tutakula nyumbani kwa yule fundi seremala, maana alisema mwenyewe kwamba hicho ni chakula cha bibi yake, na tumemwambia alete na wajukuu. Muuguzi wetu ameahidi kuja na utepe wa kupimia urefu.

Kwa yule mama kijana wa mlango wa nyuma twamtakia heri. Hakutukosea kitu; alitufundisha. Nawe ndugu msomaji, jioni ya leo, kabla hujafunga trei lako au debe lako, tazama kwanza ni nani ndani ya nyumba yako ambaye bado hajala.